Mpira wa Zamani Ndani ya Filta

Kilosa, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Sanduku lako limeshafungwa, na baba yako ameshalifungua tena mara mbili kuhakikisha kama nimeweka sweta. Habari za chakula, za sabuni, za watu wa kuwaogopa na za kuandika barua tumezisema wiki nzima, mpaka ukawa unaitikia kabla sijamaliza. Sizirudii hapa. Isome hii kesho, treni ikishaiacha Kilosa.

Unakwenda Dodoma kusomea uuguzi. Mimi uuguzi siujui. Kazi ninayoijua kwa mikono yangu, ukiacha ya jembe na ya jikoni, ni kumwaga oili na kubadilisha filta za lori. Kuna jambo lilinipata katika kazi hiyo wakati wewe uko kwa bibi yako Munisagara, darasa la nne. Ulilolisikia baadaye ni ile hadithi ya kuchekesha ambayo watu wa hapa wanaisimulia, ya Mama Neema aliyemwaga oili yote mbugani. Nataka uisikie kwangu jinsi ilivyokuwa.

Lori tulilipata miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Shamba la mkonge alikokuwa anaendesha baba yako liliuzwa kwa mwenyewe mpya, na magari makuukuu yakauzwa pembeni. Baba yako alilijua lile lori la tani saba kama unavyomjua mdogo wako. Kilichokosekana ni uwezo wa kulinunua. Masanja ndiye aliyeuza ng'ombe. Alikuwa ametoka Usukumani na mifugo yake miaka michache nyuma, akajenga kule Zombo, na watu wengi wa hapa walikuwa hawajamzoea. Baba yako alikuwa amewahi kumbebea majani ya kuezekea, basi, urafiki wao ulianzia hapo. Wakakubaliana: ng'ombe wa Masanja, udereva wa baba yako, mapato wagawane.

Halafu jeki ikateleza. Hiyo unaikumbuka. Gurudumu lilimkandamiza baba yako mkono wa kulia, na vidole vitatu havijakunjika tena mpaka leo. Udereva ukaishia hapo. Tukamwajiri Chande, dereva mzuri, mtu wa Morogoro, mwenye maneno mengi. Lakini Chande alikuwa dereva tu, hakutaka kujipaka oili. Na baba yako hakutaka fundi wa mtaani aliguse lori lake.

Alianza kulihudumia kwa mkono mmoja. Nilimkuta siku moja amelala chini ya injini, ameishika spana kwa mkono wa kushoto, anasukuma kwa goti, jasho linamtoka, na nati haijasogea hata kidogo. Nikamwambia, "Toka hapo, nionyeshe."

Akaniambia, "Damari, nenda zako ndani."

Sikwenda. Nilifunga khanga juu ya suruali yake ya zamani, nikajilaza chini. Akakaa pale pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa, amekasirika. Baadaye akasema, "Kushoto. Geuzia kushoto." Ndivyo nilivyoanza.

Watu walisema. Mama mmoja wa kanisani alikuja hapa nyumbani, akasalimia vizuri, akanywa chai, kisha akaniuliza kama sioni haya kulala chali barabarani watu wakipita. Nikamjibu kwamba ninalala uani kwangu. Alikuwa na haki kidogo, maana ua wetu wakati ule haukuwa na wigo.

Ile kazi si ngumu kuielewa. Unaliwasha lori kidogo ili oili ipate moto na iwe nyepesi, unazima, unafungua nati ya chini, oili chafu inatoka nyeusi kama uji wa ulezi uliounguzwa. Unafungua kopo la filta, unatoa filta ya zamani, unaosha kopo kwa dizeli, unaweka mpya, unafunga. Unajaza oili mpya na kuangalia kipimo. Filta ya dizeli nayo ni hivyo hivyo, ila ukishaifunga lazima utoe upepo: unasukuma ile pampu ndogo ya mkono huku umelegeza boliti ya juu, mapovu yanatoka, unasukuma tu, mpaka yaishe na dizeli ije safi. Ukiacha upepo ndani, injini inawaka halafu inazima. Dizeli yetu ilikuwa ya mapipa, ina maji na uchafu, kwa hiyo hiyo filta tulikuwa tunaibadilisha mara kwa mara. Zamani, spea zilipokuwa hazionekani, baba yako alikuwa anaosha filta na kuirudisha. Sasa maduka yalikuwa yamejaa, filta za kila aina, nzima na za kughushi, na yeye alikuwa anazipima kwa kuzibonyeza kwa dole gumba kabla hajanunua.

Nilifanya kazi hiyo naye pembeni zaidi ya mwaka. Nikafika mahali hasemi tena, anakaa tu kwenye ndoo. Kuna kitu kimoja alikuwa anafanya mwenyewe: kabla sijarudisha kopo, alikuwa ananyoosha mkono wake wa kushoto, anaupitisha pale kopo linapokaa, kisha anasema, "Haya, funga." Sikuwahi kumuuliza anafanya nini. Nilidhani anafuta vumbi, au anataka tu kuligusa lori lake.

Msimu mmoja wa nyanya hospitali ya Morogoro ilimwita kwa ajili ya mkono. Lori lilikuwa limefikia kumwagwa oili, na akina mama wa Zombo walikuwa wameshachuma, matenga yamejaa, yanangoja kwenda sokoni Morogoro. Masanja alikuja asubuhi.

"Shemeji," akasema, "tungoje mumeo Yona arudi, au twende hivi hivi?"

Nikamwambia, "Hakuna kungoja, na haliendi hivi hivi. Nitalihudumia mimi."

Nilijisikia vizuri kusema hivyo. Niliona Masanja anaitazama mikono yangu, kisha akaitikia kwa kichwa. Nilimwaga oili, nikabadilisha filta zote mbili, nikatoa upepo. Lori liliwaka mara moja. Nilisikiliza mlio, nikaona sawa, nikamwambia Chande, "Nenda." Chande alikwenda Zombo akapakia, akaondoka na akina mama watatu juu ya mzigo.

Kesho yake, mdogo wako amekwenda shule, alikuja dereva wa gari dogo linalotoka Mikumi. Alikuwa amepewa ujumbe na mama mmoja muuza chakula pale Mikumi, naye alipewa na mwenye lori aliyetoka mbugani. Ujumbe ulikuwa mfupi: lori limesimama katikati ya mbuga ya Mikumi, oili yote imemwagika, Chande amelizima kabla halijafa, aje mtu na oili.

Neema, nilikaa chini pale pale mlangoni. Nilikuwa nimefunga mimi, na mtu mwingine hakuligusa. Nilichukua dumu la oili, spana na matambaa, nikaenda stendi. Gari la kwanza la Mikumi lilikuwa na nafasi, utingo akaniita, na mimi nikajifanya sikumsikia. Likaondoka. Nilikuwa nawafikiria wale akina mama. Nilikuwa nafikiri nimtafute fundi yeyote pale stendi nimpe dumu, aende yeye, mimi nirudi nyumbani. Nilimwona fundi mmoja, nikamkaribia kabisa. Akaniuliza, "Mama, kuna tatizo gani?" Nikashindwa kumjibu, kwa sababu sikujua tatizo ni nini. Na nikaona kwamba nikimtuma yeye, sitalijua kamwe. Nikapanda gari lililofuata.

Nililikuta lori limeegeshwa pembeni, limetoa ulimi mrefu mweusi wa oili barabarani. Akina mama walikuwa bado wapo juu ya matenga, wamejifunika khanga kichwani kwa jua. Tembo walikuwa wamepita usiku karibu nao sana, hawakuthubutu kushuka hata kwa haja. Askari wa hifadhi mmoja alikuwa ameshafika na bunduki yake, anawalinda. Nilipomsalimia akaniuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi," nikamwambia.

Akamtazama Chande. Chande akatazama majani.

Aliyeshuka wa kwanza ni Mama Eliza, mkubwa kuliko wenzake. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, hakuongeza. Nyanya za matenga ya chini zilikuwa zimeanza kutoa maji, unaona yanachuruzika kwenye mbao za bodi. Akaniuliza, "Ni wewe uliyefunga hii?"

"Ni mimi, mama."

"Basi ifunge vizuri sasa. Nyanya zinaoza."

Nimeambiwa maneno mengi makali maishani, lakini hayo ndiyo yaliyonisaidia kuliko mengine yote. Hakunisamehe na hakunitukana. Alinirudisha kazini.

Nikaingia chini. Kopo la filta lilikuwa linachuruzika juu kwenye maungio. Nikalifungua. Filta mpya huja na mpira wake wa duara, ule unaozuia oili isivuje, na mpira huo unakaa kwenye mfereji mwembamba juu, upande wa injini. Nilikuwa nimeuweka mpya, nakumbuka kabisa. Uling'oka na kopo, umechanika kipande. Nikapitisha kidole kwenye mfereji, nikagusa kitu. Nikachomoa pini ya nywele nikachokonoa. Ukatoka mpira mwingine, mweusi, mgumu, umekauka mpaka unafanana na chuma chenyewe. Ulikuwa mpira wa zamani. Nilikuwa nimeweka mpya juu yake. Injini ikiwa baridi inashika, ndiyo maana sikuona kitu uani. Oili ikipata moto na nguvu, mpira wa juu unasukumwa nje.

Hapo ndipo nilipoelewa baba yako alikuwa anafanya nini na ule mkono wake.

Nilikuwa na mpira mmoja wa akiba. Nikasafisha, nikafunga, nikajaza oili. Nikamwambia Chande awashe na asiondoke. Tukasubiri mpaka injini ikapata moto kweli kweli. Askari akawa anasema tufanye haraka, na mimi nikamwambia, "Afande, kidogo tu." Nikaingia tena chini na tambaa safi, nikafuta kopo kuzunguka. Tambaa likatoka kavu. Ndipo nikawaambia waende. Mimi nilipanda nyuma na akina mama mpaka Morogoro, na nilishusha nao matenga sokoni. Karibu nusu yalitupwa. Niliyabeba mwenyewe hadi jalalani, kwa sababu sikuweza kusimama nikitazama.

Kutoka sokoni nilikwenda hospitali kumwona baba yako. Nilimweleza yote, nikamwonyesha ule mpira mgumu. Aliugeuza geuza. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu, nikasema kwa sauti ambayo mgonjwa wa kitanda cha pili aliisikia: "Mwaka mzima unautoa wewe mwenyewe, hukuniambia!"

Aliurudisha mpira mkononi mwangu. Kisha akasema, "Sikujua kama ninafanya."

Nilifikiri anajitetea. Lakini hakuwa anajitetea. Aliunyoosha mkono wake wa kushoto pale kitandani, akafumba macho, akaupitisha hewani kama anapapasa mfereji, na nikaona uso wake unavyoshangaa. "Kumbe ninautoa," akasema. "Ninautoa kwa kucha." Alifundishwa na fundi wa shamba la mkonge akiwa kijana, na tangu siku hiyo kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe.

Alipotoka hospitali tulifanya jambo ambalo jirani akituona angetuona wendawazimu. Tulikaa uani, lori limezimwa, yeye anafumba macho na kufanya kazi yote hewani, na mimi namtazama mikono. Kila akisogeza kidole namuuliza, "Hapo unafanya nini?" Tulipata mambo mengine manne au matano aliyokuwa hajawahi kuyasema. Kumbe huwa anapaka oili mpya kidogo kwenye mpira kabla ya kuufunga. Kumbe akifungua nati ya chini huitazama ncha yake kama ina chenga za chuma. Kumbe hunusa oili chafu kama ina harufu ya dizeli. Tulicheka siku ile, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tangu jeki.

Huko uendako utafundishwa na watu wa aina hii. Watakwambia mambo yote wanayoyajua, kwa moyo safi, na bado litabaki lile ambalo mikono yao inalifanya bila wao kujua. Tazama mikono yao. Uliza hata kama swali linaonekana la kitoto. Niliona aibu ya kuuliza kwa mwaka mzima, na aibu hiyo ililipwa na nyanya za watu.

Nilikwenda Zombo na baba yako kuwaona wale akina mama. Tulikaa kwa Mama Eliza. Baba yako alitaka kuanza kueleza habari ya mpira, mimi nikamkatiza, nikasema ni kazi yangu iliyowaharibia. Tukakubaliana mavuno yatakayofuata yasafirishwe bure. Mama Eliza akasema, "Sawa, lakini lori liwe zima." Hakuna aliyecheka. Hiyo bure iliwaumiza Masanja na baba yako pia, na Masanja hakusema neno mbele za watu.

Alisema baadaye, alipokuja hapa. Alisema Chande hataki tena kuliendesha nikilihudumia mimi. Chande mwenyewe alikuwepo, amesimama mlangoni.

"Mimi nina watoto, Mzee Masanja," Chande akasema. "Mbugani pale niliona kifo. Mtafute fundi wa mjini."

Hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto kweli. Nikamwambia Masanja, "Kama mnataka fundi, mimi sitanuna." Nilikuwa nasema uongo kidogo, ningenuna.

Masanja alifikiri. Unamjua anavyofikiri, anakuna shingo mpaka unachoka. Akasema, "Shemeji, ng'ombe wangu wa kwanza kuzaa nikiwa mwenyewe, baba hayupo, ndama alifia mkononi mwangu. Nilivuta vibaya. Baba aliporudi hakumwita mtu mwingine azalishe wa pili. Alinisimamisha mimi." Halafu akamgeukia Chande: "Litahudumiwa na huyu. Safari itakayofuata nitapanda mimi, na mke wangu atapanda. Wewe ukitaka, panda. Usipotaka, tutatafuta dereva."

Sikulala vizuri siku hizo, nakwambia ukweli. Nililihudumia lori baba yako akiwa kwenye ndoo yake, na mkono wake ameukalia makusudi usije ukanisaidia. Niliutoa mpira wa zamani, nikauinua juu Chande auone, nikautupa. Nikaufunga mpya. Nikatoa upepo kwenye filta ya dizeli mpaka mapovu yakaisha. Nikamwambia Chande alizungushe lori mpaka njia panda na kurudi, tupu, kabla ya kupakia chochote. Aliporudi, injini ina moto, niliingia chini na tambaa, nikalitoa kavu.

Chande akalichukua tambaa lile, akaligeuza, kisha akavua shati lake akaingia chini yeye mwenyewe. Tulimsikia anafuta. Alitoka, akalitazama tambaa, akavaa shati, akapanda. Masanja na mkewe wakapanda. Wakaenda Morogoro wakarudi.

Tangu siku hiyo, Chande hakuwahi kuondoka bila kuingia chini na tambaa lake. Mwanzoni iliniuma sana. Niliona ananitukana mbele ya watu kila safari. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba siku anapofuta ndiyo siku ninayolala vizuri. Wewe pia, mwanangu, watakuja watu kukagua ulichofunga, ulichopima, ulichoandika. Wengine watakagua kwa dharau. Waache wakague. Mgonjwa aliyelala kitandani hajali ni nani aliyeona kosa, anataka lionekane.

Na utakosea. Ningependa nikuahidi kwamba hutakosea, lakini nitakuwa nakudanganya. Kwako hazitakuwa nyanya, na hilo linanitia hofu kuliko treni na Dodoma yenyewe. Sina la kukufundisha kuhusu hofu hiyo. Ninachokijua ni kwamba pale stendi nilikuwa karibu sana kumkabidhi mtu mwingine lile dumu, na kama ningefanya hivyo, leo ningekuwa mtu mwingine, na nadhani usingempenda sana.

Karatasi inakwisha. Nilianza kukuandikia jua likiwa bado juu, na sasa nakusikia uani unamfundisha baba yako kutamka jina la chuo chako, na yeye analikosea makusudi ili ucheke. Mimi nimejifungia humu ndani nakuandikia kana kwamba umeshafika mbali, na wewe bado upo hapo nje. Naweka kalamu chini. Ninatoka kuja kukaa na nyinyi.

Mama yako,
Damari